Cheti Bila Kebo: Acheni Kutufundisha Mtandao kwa Picha

Tuanze na swali rahisi. Hapa Kakuma, intaneti ya ofisi ikikatika, nani anapanda ngazi kuitengeneza? Mara nyingi ni fundi aliyetumwa kutoka mbali. Amelipiwa usafiri, amelipiwa mahali pa kulala, ana posho yake. Anafika, anabadilisha konekta mbili, anawasha ruta upya, anaondoka. Na kijana wa mtaa wa pili, mwenye cheti cha mitandao ya kompyuta kilichowekewa fremu na mama yake, yuko chini anamshikia ngazi. Akibahatika anapewa soda.

Wenzangu, hilo ndilo jambo ninalotaka tulijadili bila kuogopana. Sisemi mafunzo ni mabaya. Nasema mafunzo ya mitandao na msaada wa kiufundi tunayopewa kambini, mengi yake, hayamalizi kazi iliyoanzishwa. Na hayatamalizika kwa kuongeza kozi nyingine juu ya ile ya kwanza. Yatamalizika siku mtandao wa kambi wenyewe utakapokuwa darasa letu.

Angalia ufundi mwingine unavyofundishwa. Don Bosco wako Kakuma tangu miaka ya 1990 wakifundisha kuchomelea, kujenga, kushona. Fundi wa kuchomelea hapewi cheti kwa kutazama video ya mtu anayechomelea. Anashika mashine, anaungua kidole, anatengeneza mlango mbovu, halafu wa pili unakuwa afadhali, wa kumi unauzika. Hakuna mtu anayeona ajabu hapo. Lakini ikifika kompyuta, ghafla inaonekana sawa tu kijana akae wiki sita mbele ya projekta, aone picha ya ruta, achague jibu A, B, C au D, apigwe picha na wageni akiwa na fulana mpya, basi ameshakuwa "mtu wa IT".

Mimi nimepita kwenye kozi ya namna hiyo. Shirika naliacha bila jina. Tulikuwa zaidi ya arobaini na kompyuta kumi na mbili. Koleo la kubania konekta lilikuwa moja, tena lilikaa mfukoni mwa mwalimu. Siku ya kujifunza kebo, mwalimu alibana moja, sisi tukatazama kwa zamu. Kebo ilipita mkono kwa mkono kama albamu ya harusi. Wiki iliyofuata tukafanya mtihani wa karatasi.

Kwa wasioijua hii kazi, ngoja nieleze kwa nini hiyo haitoshi.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani yake, zimesokotwa mbili mbili. Ukifuata mpangilio unaotumika sana, unaziweka hivi: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Hiyo unaweza kuikariri kwa dakika tano. Lakini kuzinyoosha, kuzikata sawasawa, kuzisukuma mpaka mwisho wa konekta na kubana bila hata moja kurudi nyuma, hiyo ni kazi ya vidole. Vidole havisomi slaidi. Utaharibu konekta ishirini kwanza, na bora uziharibu darasani kuliko kwenye zahanati.

Tena kebo hiyo ya shaba imewekewa kikomo cha mita 100. Darasani ni swali la alama moja. Uwanjani ni kwamba ofisi iko hapa, stoo iko kule, unapima kwa hatua, unakuta ni mita 130. Sasa utafanyaje? Utaweka swichi katikati? Itapata umeme wapi? Itakaa ndani ya sanduku gani lisiloingiza vumbi? Utaweka antena mbili zitazamane? Mti ule ukikua je? Hapo ndipo ufundi unapoanza, na hapo ndipo kozi nyingi zinapoishia.

Na joto je? Ruta nyingi ndogo za ofisi na nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40. Sisi tuko Turkana. Ndani ya chumba cha mabati, saa nane mchana, hata binadamu anatafuta pa kukimbilia. Ruta inazima, watu wanasema "kampuni imekata", kumbe kifaa kimepikwa. Aliyejifunza kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi hawezi kufikiria hilo. Aliyefanya kazi hapa mwaka mmoja ataligundua kabla hajafungua kompyuta: ataigusa ruta kwa kiganja.

Wapo watakaosema tuna simuleta, kama Packet Tracer ya Cisco, mtu anajenga mtandao mzima kwenye skrini bila kununua kitu. Ni kweli, na ni kifaa kizuri, kila mmoja wenu akipate. Ila simuleta haina vumbi. Haina panya. Haina betri ya sola iliyochoka saa moja usiku. Haina yule mtu wa ofisi aliyeleta ruta yake kutoka nyumbani, akaichomeka ukutani kinyume, na sasa ruta mbili zinagawa anwani ndani ya jengo moja. Nusu ya kompyuta zinapata anwani sahihi, nusu zinapata za yule mgeni, na kila mtu anapiga kelele kwamba intaneti ni mbovu. Kosa hilo ni la kawaida sana duniani kote. Kulipata inabidi utembee chumba kwa chumba, uulize watu kwa adabu, "Mama, tangu lini imeanza hivi? Kuna kifaa kipya kimeletwa?" Msaada wa kiufundi nusu yake ni kusikiliza mtu aliyekasirika bila wewe kukasirika. Nani alitufundisha hilo kwa projekta?

Chukua mfano mwingine mdogo. Kompyuta imeonyesha anwani inayoanza na 169.254. Aliyekariri atasema, "Hiyo ni anwani ya kujipangia." Sawa. Aliyefundishwa kazi anajua maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa hiyo haanzi kufuta programu wala kusema kompyuta ina virusi. Anaangalia kebo, anaangalia taa ya swichi, anaangalia kama ruta inayogawa anwani iko hai. Dakika kumi amemaliza. Yule wa kwanza ana cheti sawa na huyu wa pili. Mwajiri hawezi kuwatofautisha, kwa hiyo hamwamini hata mmoja. Ndiyo hasara ya cheti cha bure: kinamwangusha hata yule anayejua.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa wengi tunadanganyika. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022. Kifungu cha 28 kinasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi, biashara au taaluma, pale ambapo ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Zinazotambuliwa. Na kibali cha kazi cha daraja la M kipo kwa ajili ya wakimbizi. Kwa hiyo cheti kilichotolewa na mradi, chenye nembo nne za wafadhili na saini ya meneja aliyeshahamia nchi nyingine, si suala la mapambo tu. Kama hakitambuliwi na mfumo wa elimu ya ufundi wa Kenya, kinakuacha nje ya mlango ambao sheria imekufungulia.

Ndugu zangu wafanyakazi wa mashirika, naomba hili mlisome polepole. Mnaposema "soko la ajira halijawapokea vijana", jiulizeni mmewapa karatasi gani ya kuingia nayo sokoni. Kenya ina TVET CDACC, ina NITA yenye mitihani ya ufundi kwa madaraja, ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kupita chuoni. Njia zipo. Kozi ya wiki sita isiyounganishwa na hata moja ya njia hizo inamfikisha kijana mahali ambapo barabara imeishia.

Kuna wengine wanatuelekeza kwenye mitihani ya kimataifa. CCNA ya Cisco ni dola 300 za Marekani kwa kuukalia mara moja tu, na ukianguka unalipa upya. CompTIA A+, ambayo ndiyo ya msaada wa kiufundi hasa, ina mitihani miwili, na kila mmoja unalipiwa peke yake. Piga hesabu hiyo kwa mtu anayelipwa insentivu. Halafu ukitaka kuufanyia kituoni, Nairobi iko zaidi ya kilomita 700, na kutoka kambini unahitaji kibali cha safari. Ukitaka kuufanya kwa mtandao ukiwa hapa hapa, unatakiwa uwe na chumba kitulivu peke yako, kamera, na intaneti isiyokatika. Yaani ili uthibitishe kwamba unaweza kutengeneza intaneti, lazima kwanza uwe na intaneti nzuri. Jamani.

Najua majibu ya upande wa pili, nimeyasikia kwenye mikutano, na mengine yana uzito. Tuyapime.

Jibu la kwanza: usalama wa taarifa. "Hatuwezi kumruhusu mkimbizi kugusa mtandao wenye taarifa za wakimbizi." Hofu hiyo ni ya haki. Hakuna anayetaka faili la familia yake lisomwe na jirani. Lakini kuvuta kebo, kufunga antena, kubadilisha swichi iliyokufa, hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji nywila ya seva. Tena mtandao unaweza kugawanywa kwa VLAN, ile ya mafunzo na ya wageni ikawa mbali na ile ya taarifa za watu, hata kama zinapita kwenye swichi moja. Ni somo lililomo kwenye kozi hizo hizo mnazotufundisha. Na yule fundi wa kampuni ya nje, mnamjua zaidi kuliko mnavyotujua sisi? Sisi mnazo hata alama zetu za vidole.

Jibu la pili: pesa hakuna. Tangu 2025 wafadhili wamebana mikono, rasheni imepunguzwa, wafanyakazi wameachishwa. Ni kweli, tumeonja kwenye sufuria zetu. Ila hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kufanya ninalosema. Ofisi zikipungua watu, ruta na minara vinabaki. Nani atavitunza? Boksi moja la kebo lina mita 305, linatosha darasa zima kuharibu na kujaribu tena. Weka koleo, testa na mfuko wa konekta juu yake. Linganisheni na gharama ya sherehe moja ya kutoa vyeti, pamoja na hema, chakula, fulana, bango na magari ya wageni. Mimi sina bajeti yenu. Ninyi mnayo, kaeni mhesabu.

Jibu la tatu: "Vijana wafundishwe kazi za mtandaoni, huko ndiko dunia inakwenda." Wafundishwe, sikatai. Lakini kwenye kazi za mtandaoni unashindana na dunia nzima kwa bei, na unahitaji akaunti, kitambulisho na njia ya kulipwa ambavyo wengi wetu tunavitafuta mpaka leo. Kebo iliyokatika Kalobeyei haiwezi kuungwa na mtu aliyeko Manila. Antena iliyopinda kwa upepo inamsubiri mtu mwenye ngazi. Kati ya ujuzi wote wa kidijitali tunaoimbiwa, huu ndio uliofungwa na mahali. Na bila huu, hizo kazi za mtandaoni zitafanyikia wapi?

Tena fikirieni ni mambo mangapi yameshahamia kwenye mtandao. Mwaka 2015 sehemu ya msaada wa chakula Kakuma ilianza kuja kwa simu kupitia Bamba Chakula. Mpango wa Instant Network Schools wa UNHCR na Vodafone Foundation ulianza 2013, ukianzia Dadaab, ukafika Tanzania na Kongo, ukileta tableti na intaneti madarasani. Shule, hospitali, maduka, mahojiano, vyote sasa vinategemea mtandao kuwa hai. Mkatikati wa siku moja kwa mfanyakazi wa ofisini ni usumbufu. Kwa mama anayesubiri pesa ya chakula iingie ni njaa.

Na jambo hili limewezekana kwingine. Kaskazini mwa Uganda, BOSCO Uganda pale Gulu walifikisha intaneti kwenye kambi za waliohamishwa na vita kwa kutumia antena za masafa marefu na umeme wa sola. Kibera, Tunapanda waliwafundisha vijana wa mtaani wakajenga mtandao wao wenyewe, juu ya mapaa yale yale ya mabati. Kenya sasa ina hata aina ya leseni kwa mitandao ya jamii. Watu wa Kibera hawakusubiri wapate chuo kikuu. Walipanda juu ya paa.

Wenzetu wa nchi jirani mnaosoma hapa, hali hazifanani. Nakivale na kwingineko Uganda, sheria ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo kijana mwenye ujuzi wa kweli anaweza kufungua kibanda chake Mbarara kesho. Nyarugusu, kutoka kambini bila kibali ni kosa, kwa hiyo kazi iliyopo ni ile iliyo ndani ya uzio. Lakini hapo ndipo hoja inapopata nguvu zaidi: kama hatuwezi kuifuata kazi nje, basi ile iliyomo ndani isipewe mtu wa nje huku sisi tunaangalia.

Nakuja kwenye lugha. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, Uvira, Bukavu, Bujumbura. Mwalimu anaingia na Kiingereza cha haraka, mtu anaandika maneno asiyoyaelewa, anayakariri, anafaulu. Kumbe jambo lenyewe linaelezeka. Kompyuta ikitaka kutuma kitu inajiuliza: huyu ninayemtumia ni wa mtaa wetu au wa mtaa mwingine? Akiwa wa mtaa wetu, inampelekea moja kwa moja. Akiwa wa nje, inampa ruta, maana ruta ndiyo inayojua njia ya kutoka. Ukishaelewa hivyo, hesabu za anwani zinakuwa na maana. Kiingereza cha mtihani tutajifunza, lazima. Ila kwanza tuelewe kwa lugha tunayoota nayo.

Na dada zetu. Mara ngapi wasichana wanasukumwa kwenye kuchapa barua na kaka zao ndio wanapewa ngazi? Hakuna waya unaouliza umebanwa na nani. Kozi ikisema nusu ya wanafunzi ni wasichana, tuhesabu pia ni wangapi walipanda juu ya paa, siyo wangapi wako kwenye picha ya mwisho.

Kwa hiyo tunadai nini? Mambo matano.

Moja, kila mkataba wa kufunga au kutunza mtandao kambini uwe na nafasi za wanagenzi kutoka kambini, saa zao zimeandikwa ndani ya mkataba.

Mbili, kozi yoyote iishie kwenye mtihani unaotambuliwa na serikali, na ada ya mtihani pamoja na kibali cha safari viwe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza.

Tatu, mtihani uwe wa mikono. Mwalimu auharibu mtandao usiku, mwanafunzi autengeneze asubuhi.

Nne, wachache kwa muda mrefu. Vijana kumi na tano kwa miezi tisa watajenga kitu. Mia moja kwa wiki sita watajaza ripoti.

Tano, anayefanya kazi ya fundi alipwe kama fundi. Ngazi ni ile ile na hatari ya kuanguka ni ile ile. Insentivu isiwe jina la heshima la mshahara nusu.

Na sisi vijana tusijitoe. Kuna watu wana vyeti saba na hawajawahi kubana kebo moja. Tuache kukimbilia kila kozi kwa sababu ya nauli na chakula cha mchana. Kusanyikeni watano, changeni, nunueni koleo moja na testa ya bei ndogo. Ombeni kebo chakavu zinazotupwa na maofisi. Kila kosa mnalotengeneza, iwe dukani au shuleni, andikeni kwenye daftari: tarehe, mahali, tatizo lilikuwa nini, mlilipataje, na mwenye mahali aweke saini. Daftari hilo ndilo ushahidi mtakaoupeleka siku mnapoomba ujuzi wenu utambuliwe, na mwajiri mwenye akili atalisoma kabla ya cheti.

Mashirika yaliyopo, mnaposoma hapa, msitujibu kwa kutangaza kozi mpya. Tujibuni kwa kutuambia ni ofisi ipi kati ya ofisi zenu itaanza, na lini ngazi itakuwa tayari.